Mchuna Majani Chai Aliyefungua Mlango wa Mbele

Ni saa tatu kasoro asubuhi na umande bado haujakauka kwenye nyasi za Jumba la Mawe, nje kidogo ya mji wa Litein. Rodah Chepngetich anasukuma mlango mzito wa mbele kwa bega, kisha anawageukia wanafunzi thelathini na wawili waliotoka Kiptere.

"Chamgei," anawasalimu kwa Kikipsigis.

"Chamgei mising," wanaitikia kwa pamoja.

"Hapa ndani kuna makavazi matatu. Msikimbie. Yote tutaona."

Rodah, mwenye umri wa miaka 57, ndiye mwongoza wageni wa jumba hili, lililojengwa zaidi ya miaka tisini iliyopita kuwa ofisi ya shamba kubwa la chai. Chini kuna makavazi ya chai na ya mila za Wakipsigis. Juu, palipokuwa zahanati ya wafanyakazi, kuna makavazi ya tiba.

Kwa miaka ishirini na miwili alichuna majani chai umbali wa kutembea kutoka hapa. Siku nzuri alifikisha kilo sabini. Lakini hakuwahi kuingia.

"Sisi tulikuwa tunaongea na karani kwa dirisha la nyuma," anasema. "Mlango wa mbele ulikuwa wa wakubwa."

Mashine za kuchuna zilipokuja, kazi yake iliisha. Alikaa nyumbani karibu mwaka mzima, hadi alipopata kibarua cha kufagia makavazini.

Wiki yake ya pili kazini, alisimama na ufagio mbele ya sanamu ya mama anayechuna chai. Sanamu ilikuwa imebebeshwa kikapu kichwani, kama mtu anayetoka sokoni. Pembeni palikuwa na kibao: usiguse.

"Nilivumilia siku nne. Ilikuwa inaniuma kila nikipita."

Siku ya tano alifika mapema, akakitoa kikapu kichwani na kukifunga mgongoni, mahali pake. Alikuwa bado anakaza kamba wakati Njuguna, mkuu wa makavazi, alipoingia.

"Mama Rodah, unafanya nini?"

Binti wa Rodah, Shirley, alikuwa ndio ameanza chuo Bomet, na hii ndiyo kazi pekee iliyokuwepo nyumbani.

"Nikajua nimefutwa. Basi nikaona afadhali niseme ukweli. Nikamuuliza, Bwana Njuguna, huyu mama akichuna, majani atarusha wapi? Juu kwa hewa?"

Njuguna, ambaye wazazi wake wamefanya biashara Litein tangu kabla hajazaliwa, bado analikumbuka swali hilo. "Nimesoma mengi kuhusu chai," anasema. "Lakini sikuwa nimemuuliza mtu aliyeichuna."

Aliweka mkoba chini na kumwomba amwonyeshe. Rodah akajifunga kikapu, wakatoka hadi kwenye mistari michache ya michai iliyo kando ya jumba. Mikono yake ikaanza kwenda yenyewe, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, ikirusha nyuma ya bega bila yeye kutazama. Kufikia saa sita Njuguna alikuwa amejaza kurasa kumi na moja za daftari. Wiki iliyofuata alimkabidhi Rodah wageni wake wa kwanza.

Agosti mwaka jana, Rodah aliwaalika wanawake kumi na wanne waliochuna pamoja naye. Walipofika, kadhaa walizunguka moja kwa moja kuelekea nyuma, kwa mazoea.

"Nyinyi, kujeni huku," Rodah akawaita kutoka kwenye ngazi.

Waliingia wakiwa wameshikana mikono. Jerusa, mwenye miaka 71, aliyetoka Silibwet, alitazama kiti cha meneja wa zamani, akaruka kamba iliyokizunguka, akakikalia. Wenzake walicheka hadi wakafuta machozi kwa leso.

"Kumbe ni kigumu hivi," Jerusa akasema. "Ndiyo maana alikuwa anakasirika."

Njuguna aliona yote. Anasema wakati huo alikuwa na kazi nyingi ya kutazama dirishani.

Sasa Rodah amepewa stoo ya nyuma ili ifikapo Aprili iwe chumba cha mchuna majani chai, kama vile walivyoishi wachuna chai kwenye kambi za shamba. Ameshapata kitanda, jiko la makaa na pazia la maua. Mumewe, Weldon, amepoteza redio.

"Aliniuliza kama bado naipenda," Weldon anasema. "Nikasema sana. Akasema basi inafaa makavazi."

Kwenye ukuta wa chumba hicho, Rodah anataka yaandikwe majina ya wote aliochuna nao. Ameyakusanya sitini na matatu, na kila Jumapili baada ya kanisa anaulizia mengine.

"Watu hudhani makavazi ni ya waliokufa," anasema. "Hawa wengi wako hai. Nataka waje wajisomee wenyewe."