Pamba Isiyodondosha

Mdogo wangu alikuwa Mama Panya, binti wa seremala aliyechonga madawati ya shule tuliyosoma, mjukuu wa mkunga ambaye hakupoteza mzazi hata mmoja. Yeye alilea panya weupe katika jengo la utafiti mpaka akaota mvi, na mtu asije akaniambia hiyo si kazi.

Mawifi zake walimcheka. “Wifi, hiyo mikono imetoka kwa panya?”

“Imetoka kwa panya, ikanawa. Yako je?”

Daktari wa pale alifuatilia kitu fulani cha kwenye damu, ambacho mwili hukitumia kutengenezea kolesteroli. Aliwadunga panya kitu hicho kikiwa na alama ya mionzi, ili aone kinakoishia, akawafungia kwenye chupa kubwa, akakusanya pumzi zao. Kumbe figo ndizo zilizokichota zaidi, si ini. Sehemu yake figo ziliigeuza kuwa kolesteroli, sehemu nyingine zikaiunguza, ikatoka kwa pumzi. Ili kuhakikisha, akawatoa panya wengine figo. Hao pumzi zao zilibeba alama kidogo sana. Kitu chenyewe kilibaki kuzunguka kwenye damu.

Hao wasio na figo, ambao hawakuwa wa kupona, alikabidhiwa mdogo wangu. Aliwawashia taa ya joto, akawageuza, akawalowanisha midomo kwa pamba. Mwenzake wa zamu aliwahi kuwaonea huruma, akawaachia maji tele. Bila figo za kuyatoa, walivimba, wakafa wakitweta.

Kisha figo zake mwenyewe zikafa. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa na foleni. Zamu yake ilipofika, moyo ulishachoka, wakamrudisha nyumbani. Daktari wake wa panya alikuja kumwona.

“Na kile kitu changu kinazunguka tu damuni, daktari?”

“Kinazunguka, mama.”

“Ndicho kinachoniua?”

“Hapana. Ni maji na uchafu mwingine.”

Jioni ile binti yake, mwenye huruma ya kupitiliza, alimpa glasi nzima ya maji. Usiku kucha tulimkalisha wima akitafuta pumzi. Kulipokucha mdogo wangu akamwita binti yake.

“Mwanangu, nitakuomba maji. Nitalia, nitakutukana. Usinipe.”

“Mama, nitakunyimaje maji?”

“Hujaninyima. Unapitisha pamba mdomoni, unanigeuza. Mama yako mkubwa atakusaidia, ingawa nguvu zake ziko mdomoni.”

Nikamwekea mto mwingine mgongoni.

“Na nikishindwa?” binti akauliza.

“Lete hiyo pamba.”

Akaichovya kwenye maji, akaikamua mpaka ikaacha kudondosha, akamtia binti yake mkononi.

“Hivi. Sasa anza.”