Kamera Nane na Ubao Unaong'aa

Bosi wetu alikuwa na ugonjwa wa laminesheni. Vyeti vyake vyote alivipiga laminesheni, na barua za pongezi, na hata ratiba ya chai. Kwa hiyo sikushangaa aliporudi kutoka stesheneri moja ya Usagara amekumbatia ubao wa miraba myeusi na myeupe, umevishwa nailoni, unang'aa kama kipara chake.

Ubao ule ndio uliokuwa roho ya kazi. Tulikuwa na kamera nane katika ukumbi wa kituo chetu cha vipimo, zimezunguka sehemu ya kutembea, na lengo ni kumpima mtu mwendo bila kumbandika chochote mwilini. Lakini kamera nane ni mashahidi wanane. Zisipopatanishwa kwanza, kila moja itasema lake. Kuzipatanisha ni kupita na ubao mbele ya zote, polepole, ukiuinamisha huku na huku, mpaka kompyuta ijue kila kamera imesimama wapi. Mwishoni inatoa namba. Ikikaribia sifuri, zimeelewana. Ikipanda, unaanza upya.

Mimi nilipiga video za harusi Tanga nzima kabla ya kuajiriwa pale. Najua nailoni inavyofanya chini ya taa: inarudisha mwanga, mraba mweusi unageuka mweupe, kamera inaona kisichokuwepo. Bosi hakujua. Yeye alikuwa na shahada mbili za ng'ambo na sauti ya kuhutubia. Siku aliyonitambulisha kwa wageni kama "huyu wetu wa maharusi," nilianza kumdharau, na tangu hapo nilimdharau kama dozi, kutwa mara tatu.

Asubuhi ya siku ya kuwaonyesha wakubwa mitambo yetu tulizipatanisha kamera, namba ikatoka mbaya.

"Inatosha," akasema. "Mgeni rasmi anafika saa tano."

Viti vya meza kuu vilikuwa vimeshavishwa vitambaa. Kwa mtu wa aina ile, vitambaa ndiyo kazi, kipimo ni mapambo. Ningeweza kusema. Karatasi isiyong'aa, gundi na kipande cha kioo cha kuibandikia ikae bapa vilikuwepo stoo, na nusu saa ingetosha. Nilinyamaza makusudi. Nilitaka aumbuke mbele ya mgeni wake, kwenye skrini kubwa. Mwenye macho haambiwi tazama, nikajiambia, nikaona nimesema jambo la maana.

Aliyeletwa kupimwa alikuwa bibi mmoja wa kijiji cha Moa. Alianguka na bodaboda, nyonga ikaunga vibaya. Madaktari wa upasuaji walikuwa wanakuja wiki ile tu, na walitaka kuuona mwendo wake uliopimwa ndipo waamue kama anafaa kupasuliwa. Bila kipimo, hakuna upasuaji. Alikuja na binti yake, amevaa suruali ya kubana tuliyomwagiza, na kanga juu yake. Tulipomwomba aivue ile kanga, aliivua akitazama chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nende wapi?"

Nikamwonyesha mstari. Akaenda, akarudi. Picha ikatoka vibaya, na bosi akaamini anayekosea ni bibi.

"Tena, mama! Tembea kawaida!"

Kawaida, anamwambia mtu aliyevunjika nyonga. Bibi akaenda tena, na tena, jasho likimtiririka, mkono umeishika nyonga. Kila akirudi alinitazama mimi, si bosi.

"Bado, mwanangu?"

"Bado kidogo, bibi."

Mgeni rasmi akaja, amechelewa kama ilivyo desturi yao, akapigiwa makofi kwa kuketi. Bosi akawasha skrini. Likatokea umbo la vijiti: goti limepinda kwa nyuma, mguu mmoja umeachana na nyonga, lote likienda kwa kurukaruka. Nikageuka haraka niuone uso wa bosi.

Mgeni rasmi akacheka. Meza kuu ikacheka. Bosi naye, kwa kukosa pa kujificha, akacheka kuwashinda.

Bibi alikuwa amekaa kando, binti yake anampepea. Alikuwa anaitazama skrini ukutani.

"Ndivyo nendavyo mie?"

"Si wewe, bibi," nikasema. "Ni kamera. Ule ubao una kasoro tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi?" Akanitazama. "Na wewe wajua?"

Akajifunga kanga yake, akamwambia binti yake waondoke.

Alasiri ile niling'oa nailoni, nikabandika miraba mipya ya karatasi isiyong'aa juu ya kioo, nikazipatanisha kamera peke yangu. Namba ikashuka vizuri sana. Nikampigia simu binti wa bibi, nikamsihi amrudishe mama yake, atembee mara moja tu, nikaapa haitazidi. Bosi namdharau mpaka leo, lakini siku ile sikumfikiria hata kidogo. Nilijidharau mwenyewe.

Nikamsikia binti akimuuliza mama yake.

"Mama hataki," akasema. "Asema bora alemae kwao, kuliko kuchekwa kwenu."