Mwiko Mkononi

Nakumbuka siku aliyofariki baba, mwanangu. Au niseme kweli: kwa miaka mingi nilidhani naikumbuka.

Ilikuwa Kihesa, pale Iringa, miaka ile ya hamsini, masika yamechachamaa. Baba alikuwa mtu wa Rujewa, lakini mama yetu alikuwa amemtangulia na kuzikwa palepale Kihesa. Kabla hajakata kauli, baba alitaja mahali anapotaka kulazwa. Mimi nikasema alisema, "Nipelekeni kwa mama yangu," maana yake Rujewa, kwenye kaburi la bibi. Kaka yangu Lukasi akasema hapana, alisema, "kwa mama yenu."

"Nilikuwepo, Lukasi! Alinishika mkono!"

"Eda, tangu lini wewe ukawa masikio ya baba? Hata mimi nilikuwa mlangoni, nilisikia."

Tulibishana hivyo mbele ya maiti, watu wanatutazama. Shangazi, dada yake baba, alifungua kinywa mara kadhaa; hatukumpa nafasi. Lukasi alikuwa mkubwa, na barabara ya Rujewa ilikuwa tope tupu. Baba akazikwa Kihesa. Nilimwambia kaka kaburini, "Umemzika baba ugenini," nikarudi kwa mume wangu, kule Uyole.

Lukasi alikuwa akinitumia salamu kwa madereva wa malori. Sikujibu. Kila mgeni aliyeuliza nilimsimulia jinsi baba alivyonishika mkono, na kila niliposimulia, mkono ule ulizidi kuwa na joto. Sikuwa nasema uongo, mwanangu. Hapo ndipo penye hatari.

Miaka ikapita. Nilipojifungua mtoto wa tatu, shangazi alikuja Uyole kunitazama. Nikaanza tena hadithi yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Eda, siku ile ulikuwa umeshika nini?"

"Mkono wa baba, shangazi."

"Ulikuwa umeshika mwiko! Ulikuwa jikoni nje, unakoroga uji. Nilipopiga yowe ndipo ulipoingia mbio na mwiko wako, ukalipaka uji blanketi la marehemu. Uji ukaungua, tukawanywesha waombolezaji moshi. Na huyo Lukasi mlangoni, mvua inapiga bati, angesikia nini? Mkono alioushika baba yako ni huu wangu. Alisema 'kwa mama,' basi. Hakumalizia. Hayo ya 'yangu' na 'yenu' mmeyaongeza wenyewe. Niliwaambia mlipoingia, lakini mlikuwa mnalia, hamkuyashika."

Sufuria ile iliyoungua niliisugua mimi, kwa majivu. Siku zote nilikuwa naikumbuka, ila sikuwahi kuiweka karibu na ule mkono.

Nikasema nitakwenda Iringa kumwomba kaka radhi nikimaliza kuvuna viazi. Viazi vikaisha, nikasema mahindi. Kabla ya mahindi, lori likaleta habari kwamba Lukasi amefariki.

Nilipofika Kihesa, wifi yangu alinisogezea mkeka, akasema polepole, "Kaka yako siku zake za mwisho alikuwa akisema, labda Eda ndiye aliyesikia sawasawa."



Nasikia sasa wako wasomi wanaochunguza akili, nao wanasema mtu hakumbuki kama anayefungua sanduku. Hujenga upya kila mara, na pengo hulijaza kwa anachokitaka. Mimi sikusoma sana. Kulijua hilo kulinigharimu kaka yangu.

Basi, mwanangu, mtu akikuambia neno zito, weka mwiko chini. Mtazame, kisha mrudishie neno lake kwa kinywa chako, akusikie. Usiseme tu "nimesikia". Kusikia na kushika ni mambo mawili. Na siku utakapokuwa na uhakika kabisa wa jambo la zamani, hata uko tayari kuapa, jiulize kwanza ulikuwa umesimama wapi na umeshika nini. Muulize na aliyekuwepo, umwache amalize. Wahenga walisema kusikia si kuona; mimi naongeza, hata kuona ukiwa umefumba macho si kuona. Nikifumba yangu leo bado nauona mkono wa baba, na haukunishika kamwe.

Usimpoteze ndugu kwa neno la kukumbuka. Na ukigundua umekosea, usingoje mavuno.

Mungu akujalie masikio yenye utulivu, akupe wa kukusahihisha bila kukuchoka, na akupe miguu ya kumfikia ndugu yako angali anaitika.