Aliyosema Mzee Opondo Rekoda Ikiwa Imezimwa

Selpha Wakoli ana adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomponza. Kazi yake ni kuzunguka Eldoret akiwarekodi watumishi wa serikali waliostaafu, wasije wakazikwa na historia yao. Mzee Opondo wa Yamumbi, aliyekuwa karani katika ofisi ndogo ya serikali kwenye barabara ya Nakuru, alimpokea kama binti yake. Alisimulia mpaka chai ikapoa. Lakini mtu aliyekula mshahara wa serikali maisha yake yote ana ugonjwa mmoja: akilikaribia neno lenyewe, hutazama dirishani kwanza.

"Zima hiyo kitu, mwanangu."

Selpha akazima. Angefanyaje? Heshima si utumwa, ndivyo alivyolelewa.

Hapo ndipo mzee alipotoa lililomkaa rohoni. Wakati wa vita vya uchaguzi, watu waliochomewa nyumba walikimbilia langoni pa ofisi ile. Amri ilikuwa lango lifungwe. Opondo alilifunga, mbele ya macho ya wote. Kisha akazunguka nyuma, akakata seng'enge, akaingiza akina mama na watoto aliowawahi, nao baadaye wakatawanyika pasipojulikana. Waliobaki mbele waliona kufuli tu, na Kufuli likawa jina lake. Hata kanisani hakuna anayeketi karibu naye.

"Haya, washa sasa," alisema, akaendelea na habari za pikipiki ya ofisi.

Selpha aliapa atarudi ambembeleze ayaseme yale wazi. Kabla hajarudi, kiharusi kilimwangusha mzee na kuuchukua ulimi wake.

Leo Selpha amepiga magoti kando ya kitanda, rekoda mkononi, moyo ukimwaka. Amemsihi mzee, amemwomba Mungu. Mzee anajikaza mpaka jasho linamtoka, lakini hakuna neno linalotoka. Machozi ndiyo yanayotoka.

Angeline, mkewe, alivuta kiti.

"Aliniambia yote iko kwako. Niwekee hapo kwa gate."

Selpha akaweka. Sauti ya mzee ikajaa chumbani, ya mtu mzima wa afya: "Sasa hao watu walipofika kwa gate... Zima hiyo kitu, mwanangu." Baada ya hapo, pikipiki ya ofisi.

"Na ile ingine?"

"Hakuna, Mama. Aliniambia nizime."

"Na wewe ukazima?"

"Ni mzee, Mama. Ningemkatalia aje?"

Angeline alimpangusa mumewe mdomo. "Miaka hiyo yote nikimuuliza, anasema ni mambo ya serikali. Nilijua leo nitasikia."

Selpha akamweleza mwenyewe, mbio mbio: seng'enge, akina mama, watoto. Kitandani mzee alihangaika kuitikia kwa kichwa, nacho kikagoma. Angeline alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika Selpha bega kwa upole.

"Wewe ni msichana mzuri," alisema. "Unataka tu kunifariji."