Benchi la Mtu Mmoja

Seremala wa kanisa letu ana maneno machache na vumbi jingi. Ametutengenezea milango, madirisha na majeneza, na Jumapili husinzia wakati wa mahubiri kama mtoto aliyeshiba. Mtu wa namna hiyo hachaguliwi mzee wa kanisa. Huo uzee una wenyewe, walio macho.

Basi binti wa dobi alimkimbia mumewe. Alirudi kwa baba yake jicho limevimba, jino moja halipo. Wazee wetu, jinsi walivyojaa huruma, wakamhurumia mume. Maskini, nani atampikia sasa? Mume akabaki kwenye kwaya, mstari wa mbele, anaunguruma besi. Binti wakamtenga kwa kuvunja ndoa, na ili sheria ya Mungu ionekane vizuri, wakaamua awe na benchi lake peke yake karibu na mlango.

Binti aliposikia akamwambia dobi, "Baba, nikikalishwa hapo mbele za watu, kanisani sirudi tena." Dobi akaenda kulia karakanani kwa rafiki yake seremala. Machozi hayajakauka, katibu wa wazee akaingia.

"Fundi, tunataka benchi."

"La watu wangapi?"

"Mmoja."

"La mmoja si benchi, mzee wangu. Hicho ni kiti. Nikiwekee na mto?"

"Acha utani! Kiti ni cha mchungaji. Sisi tumesema benchi!"

"Benchi linaanzia watu wawili."

"Haya, tengeneza unavyojua."

Hapo ndipo walipokosea, watu wale wasiokosea.

Jumapili binti alifika mlangoni, akaliona benchi, akageuka aondoke. Seremala alikuwa ameshakaa, yuko macho kabisa. Akapigapiga ubao.

"Njoo mwanangu, kaa."

Katibu akaja mbio. "Fundi! Hapo ni pa mwenye dhambi!"

"Ndiyo maana nimewahi."

Mke wa seremala akainuka kule mbele na mkoba wake, akaja. "Sogea, mume wangu. Mimi dhambi zangu zina nyonga."

Binti akacheka kabla hajajua kama anaruhusiwa. Akakaa katikati yao. Nami nilijikongoja kwenda huko, nikakuta nafasi imejaa, nikasimama ukutani. Wimbo ulipoanza binti aliimba kwa sauti, pengo likionekana, na besi kule mbele ikapotea njia.