Wimbo Wenye Jina Langu

Mpaka leo nikisikia harufu ya karanga zinazokaangwa, hasira inanipanda. Watu hunicheka, eti karanga zimekukosea nini? Zimenikosea sana. Msimu ule nyumba yetu pale Mpemba, kijiji cha barabarani karibu na mpaka wa Zambia, ilinuka karanga kutwa, maana Mama alikaanga za kuwauzia madereva wa malori waliopanga foleni kwenda mpakani, na ndani ya harufu hiyohiyo Baba aliketi na kinanda chake kidogo cha betri akiandaa nyimbo za mashindano ya kwaya ya Pasaka. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya. Alitokea Ibaba, milimani kule Ileje, na sikuwahi kumwona mtu aliyeandika noti za solfa ubaoni kwa haraka kama yeye. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa na kitu ambacho mtoto mwingine yeyote wa Mpemba hakuwa nacho. Nilikuwa na wimbo. "Huu nilikutungia siku uliyozaliwa," Baba alizoea kuniambia, "wewe unalia, mimi naandika." Kiitikio kilitaja jina langu mara nne, Atupele, Atupele, na mwaka ule Baba aliamua niuanzishe mwenyewe mbele ya kanisa zima. Jamani, nilivyoringa! Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba wao walipozaliwa walipewa majina tu, mimi nilipewa na wimbo juu.

Wiki moja kabla ya Pasaka, Shangazi, dada yake Baba, alinichukua tukavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kununua kitambaa cha sare za kwaya. Kwetu sisi kuvuka ilikuwa ni kama kwenda mtaa wa pili. Ndani ya duka la vitambaa alikaa mama mmoja mzee kwenye mkeka, anamenya karanga huku anaimba Kibemba. Wimbo niliutambua kabla hata sijamwona mwimbaji. Tuni ileile, inapanda palepale, inashuka palepale, na pale penye jina langu yeye aliimba imbalala. Nikamuuliza Shangazi imbalala ni nini. "Karanga," akajibu, macho kayahamishia kwenye vitambaa. Nikamgeukia yule mama, nikamuuliza wimbo wa baba yangu kaujulia wapi. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "huu tuliimba shule, mimi mdogo kama wewe." Kwa kuniona nimeduwaa, akanifundisha ubeti mzima, nami nikaushika. Njia nzima ya kurudi niliurudia ubeti ule kimoyomoyo, na Shangazi naye hakuniuliza kitu.

Siku ya mashindano Baba akainua mkono, kwaya ikanyamaza, nikaanza. Niliimba maneno ya yule mama, kwa Kibemba, karanga na kila kitu. Nilitaka aibu imshike Baba mbele za watu, nasema kweli, nilitaka ardhi immeze. Wapi! Benchi la mbele lilianza kutabasamu, halafu kina mama na kina baba wanaovuka kila siku kibiashara wakakipokea kiitikio, imbalala, imbalala, na makofi juu, wakidhani ni mbwembwe za Mwalimu. Kumbe walikuwa wanajua. Wote! Majirani, Shangazi, hata Mama, ambaye alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge. Miaka tisa yote kanisa zima lilijua kwamba nimekalishwa mahali pa karanga, na hakuna hata mmoja aliyenivuta pembeni akaniambia. Baba aliongoza mpaka mwisho. Baadaye alinikuta nyuma ya nyumba nalia kwa kwikwi. "Tuni niliichukua, kweli," akasema. "Lakini jina lako nililiweka mimi. Hilo sikulichukua kwa mtu." Maneno hayo niliyashika miaka yote, maana ndiyo pekee niliyobakiziwa.

Siku hizi vijana kazini kwangu wanabishana kutwa kwenye simu nani kamwibia nani wimbo. Wanaupiga huu, wanaupiga na ule, wanatukanana weee, Jumamosi wanaucheza harusini. Mimi huendelea na kazi yangu. Nilidhani yangu yamekwisha. Mwezi uliopita nilijifungua binti, Baba akaja kumwona, mzee sasa, anatembelea mkongojo. Akampakata mbele ya wageni, akamwimbia. Tuni ileile! Pale penye jina langu akaweka la mwanangu, Tusekile, Tusekile. "Nimemtungia mjukuu wangu," akatangaza, na wageni wakapiga makofi. Nilimkazia macho nikisubiri aone haya, hakuona. Machozi yakanitoka, wakasema ni furaha ya uzazi. Wageni walipoondoka nilimchukua mwanangu, nikamwimbia mwenyewe, kwa Kibemba, karanga na kila kitu. Akikua asije akasema hakuna aliyemwambia.