Kompyuta ya Balozi Mhoja

Mhoja alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi pale Pasiansi kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote sikumwona akibeba kitu kizito kuliko maneno. Alikuwa karani wa pamba, mfupi, mwenye sauti ya mkutano wa hadhara hata alipokuwa anaomba chumvi mezani. Enzi za uhaba, tulipokuwa tunafulia majani ya mpapai, yeye ndiye aliyetufundisha kwamba raha ni ugonjwa wa mabepari. Alikuwa na tabia ya kutazama watu miguuni. Ukivaa viatu vipya, ulijieleza.

Ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, Mhoja alipata sikukuu yake. Jirani yetu Justa, fundi cherehani ambaye mtaani tulimwita Mama Kija, alikuwa na televisheni ndogo sebuleni. Mumewe, Jonathan, alikuwa fundi mitambo katika meli za ziwani na aliinunua Kisumu. Siku ambazo anga lilikuwa jema ilishika picha za Kenya, zimejaa chenga, sauti inakuja na kuondoka. Watoto wa mtaa walijazana kwa Justa kuzitazama hizo chenga. Wa Mhoja walikuwemo, na ndivyo alivyojua.

Alikwenda mchana na mgambo wawili, akasimama mlangoni mikono nyuma, akatoa hotuba juu ya anasa na taifa. Televisheni ikabebwa, na Jonathan akachukuliwa pamoja nayo. Akakaa rumande mpaka msako ulipopoa, na aliporudi, nafasi yake melini ilikuwa imeshapata mtu. Alimalizia maisha yake akichonga mipini ya majembe, kazi asiyoipenda, na hakuishi sana. Justa aliendelea kushona. Hakuwahi kumtukana Mhoja. Ila nguo zake hakuzishona tena.

Kisha ikaja enzi ya ruksa. Maduka ya barabara ya Nyerere yakajaa redio na mitumba, na Mhoja naye akageuka bila hata kuona haya. Alisema “soko huria” kwa sauti ileile aliyokuwa akisemea “azimio”. Alinunua televisheni kubwa na deki ya video, akaviweka sebuleni vikitazama mlango, ili mpita njia asipate taabu ya kukisia.

Binti yake, Gladness, alikuwa ameolewa Ujerumani, na mwaka tisini na sita akamtumia kompyuta. Mkewe Mhoja, Tereza, mwanamke asiyejua kusema uongo, alitueleza kisimani kwamba ilikuwa ya mashemeji wa Gladness, wameichoka, na mtoto alisema itawafaa kuchezea. Mhoja alitueleza vingine. Kwa maelezo yake, ile ilikuwa mashine ya kisasa kabisa, na wataalamu wa Ulaya walikuwa wanaitumia kuendeshea viwanda. Alialika watu waje Jumapili baada ya ibada kuiona ikiunganishwa na televisheni.

Tulikwenda. Viti viliazimwa kanisani. Justa naye alikuja, akakaa karibu na mlango, kanga yake imekunjwa mapajani.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kama mashine ya chapa isiyo na mahali pa kuwekea karatasi. Mhoja alichomoa waya wa deki kwenye tundu la antena nyuma ya televisheni, akachomeka wa kompyuta, akawasha. Chenga tupu. Alizungusha kifundo cha kutafutia stesheni huku akitueleza kuwa huo ndio utaratibu. Mtu mmoja alijitolea kumsaidia, akaambiwa akae, hiki si kinu cha kusaga. Baada ya kuvuja jasho la kutosha alipata kioo cha buluu chenye maandishi ya Kizungu, akatugeukia kana kwamba yeye ndiye aliyeyaandika.

Mchezo ulikuwa kwenye kaseti, na kaseti ilisomwa na kiredio kilichounganishwa na ile mashine. Kikaanza kulia kama paka aliyebanwa na mlango. Tulikaa tunasikiliza kelele hizo kwa heshima, wazee wameinamisha vichwa, mpaka Tereza alipomaliza kugawa chai. Mwisho akatokea kwenye kioo kijitu kidogo chenye kofia, ambacho kazi yake ilikuwa kukimbia na kuruka mashimo.

Mhoja alikitumbukiza kwenye shimo la kwanza. Akakirudisha, akakitumbukiza tena. Alikibonyezea vitufe kwa hasira, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, na kila mara kijitu kilianguka palepale. Watu wakaanza kucheka kichinichini. Aliinuka, akatuonya kwamba hili si jambo la kuchekwa, hii ni elimu, na taifa lisilojua kucheza halitaendelea.

Hapo ndipo Justa aliposema. Hakupandisha sauti.

“Balozi, zamani uliniambia hii ni anasa.”

Mhoja alicheka kidogo, akatazama watu ili wacheke naye. “Mama Kija, nyakati zimebadilika.”

“Nyakati hazikuja kwangu na mgambo,” Justa alisema. “Ulikuja wewe.”

Kiredio kilikuwa kimenyamaza, kwa hiyo kila mtu alisikia. Mhoja akainamia vitufe vyake. Justa alikunjua kanga, akajifunga, akamshukuru Tereza kwa chai na kuondoka. Waliomfuata hawakuwa wengi. Walikuwepo waliomlilia Jonathan kwa machozi siku ya mazishi, lakini zamu zao za kucheza zilikuwa bado, wakabaki.

Wiki ile Tereza alitumwa kwa Justa na jogoo aliyefungwa miguu. Alimkuta kwenye cherehani, akamwambia Mzee anamsalimu.

“Mama Gladness,” Justa alimwambia, “jogoo hajanikosea. Mwambie mwenyewe aje.”

Tereza alirudi na jogoo. Njiani alilia, alivyotusimulia baadaye, si kwa kumhurumia mumewe bali kwa aibu ya kuwa mjumbe wake.

Mwenyewe hakwenda. Umeme wa Mwanza ulikuwa wa kupanda na kushuka, na kabla ya mvua za vuli ulikwishaiunguza ile kompyuta. Mhoja aliifunika kitambaa alichokitarizi mkewe, na mgeni akija humfunulia na kumweleza jinsi inavyounganishwa, waya hadi waya. Amezeeka sasa, magoti yanamsumbua. Njia fupi ya kwenda kanisani inapita mlangoni kwa Justa. Yeye hupita ya juu, kwenye mawe, akishikilia miti, na tukimuuliza husema daktari amemshauri kufanya mazoezi.